Dakika Nne Bila Sauti ya Gerson

Kila asubuhi, kabla wateja hawajaingia, Gerson aliigeuza skrini ya kompyuta ikatazama ukutani. Alifuta hedifoni kwa pindo la shati, akazivaa, akainamisha kichwa. Zilipopita dakika nne aliirudisha skrini mahali pake, akaanza kazi.

Nilimwona kwa sababu tuligawana fremu moja ya duka pale Majengo, katikati plaiwudi isiyofika darini. Upande wangu ni steshenari, nachapa barua za watu wanaoomba kazi, nami nikiwa mmoja wao. Upande wake ni duka la filamu la Mama Dorothea.

Gerson alikuwa mtafsiri wa filamu. Ikifika mpya, aliitazama mara mbili, kisha akajifungia chumba cha nyuma na maikrofoni, akaieleza kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho: nani kamsaliti nani, steringi, yule shujaa, anatokea mlango gani, adui atakufaje. Kila alipofungua mdomo, aliishusha sauti ya filamu yenyewe. Watu walileta flashi kuwekewa, wakaenda kutazama nyumbani.

Kwao ni Kongwa. Huko alikuwa mwalimu wa kwaya miaka kumi na tisa, akiimba besi. Misimu miwili mfululizo uwele haukutoa kitu, akaja mjini. Miaka sita ya kupiga kelele kwenye maikrofoni ikammalizia sauti ya kuimbia. Tunasali kanisa moja, Ipagala. Jumapili alisimama na kitabu wazi mkononi, midomo imefungwa.

Siku moja alinipa hedifoni kupitia juu ya plaiwudi.

"Debora, wewe umesoma. Sikiliza hapa, uniambie kama nazeeka vibaya."

Ilikuwa filamu ya mtu anayeruka angani na kuokoa miji. Alinichezea kwanza mahali anaporuka mara ya kwanza: tarumbeta, ngoma, vyombo vyote kwa pamoja, mpaka nikahisi kiti kinanyanyuka.

"So, do, re, so. Halafu mi, re, do," alisema. "Anapaa, anatua. Umeshika?"

"Nimeshika."

"Sasa hapa kachelewa. Mafuriko yamemchukua mama yake. Wimbo ni uleule, lakini safari hii wamewapa wale wenye mazeze makubwa, yale yanayosimamishwa chini. Polepole. Mi... re..." Aliinua kidole, akakiacha hewani. "Do haiji. Ngoja uone. Haiji mpaka mwisho. Kuna mtu alikaa na kalamu yake akaamua, huyu leo asitue."

Nilisikiliza. Kweli haikuja. Zilibaki zile sauti nzito za chini, na baada yake kimya ambacho hata pumzi za wapigaji zilisikika.

"Watu labda themanini, wananyamaza mara moja," alisema Gerson. "Mimi nilikuwa na waimbaji kumi na wanne na walinishinda. Daima yuko mama mmoja anavuta mbele peke yake."

Ndiyo sababu, alipoitafsiri filamu hiyo, alipofika hapo hakusema neno. Dakika nne nzima, zilezile alizosikiliza kila asubuhi, aliuacha muziki peke yake.

Sila, dereva wa bodaboda, alikuwa wa kwanza kurudi.

"Mzee Gerson, ulikwenda chooni?"

"Nilikuwepo."

"Ulikuwepo wapi? Tivii nimeipiga makofi mpaka majirani wamekuja kuamulia! Tumejua spika imekufa."

"Muziki hukuusikia?"

"Muziki nitausikia baa, mzee wangu. Mimi nilifuata mdomo wako."

Wengine wakamfuata, kila mmoja na flashi yake, wakisema wamepewa filamu mbovu. Alhamisi akaja Mama Dorothea mwenyewe. Hakukaa.

"Baba Erica, unaumwa?"

"Hapana, mama."

"Basi pale pajazwe."

"Pale hapahitaji maneno, mama. Ukisikiliza vizuri..."

"Wewe ndiye unayesikiliza vizuri. Wateja wanasikia umekufa." Alizungusha funguo kidoleni. "Mpaka Jumamosi. Yuko mtu Chang'ombe anakiulizia hicho kiti kila wiki."

Erica, binti wa Gerson, yuko kidato cha pili bwenini kule Kongwa, na kiti kile ndicho kilichokuwa kikimsomesha. Gerson alijua hivyo, Mama Dorothea alijua hivyo.

Jumamosi aligeuza skrini kama kawaida. Alikaa zaidi ya dakika nne; nadhani aliirudia. Kisha akaingia chumba cha nyuma. Mimi nilikuwa na barua ya kuchapa, lakini vidole havikwenda popote. Nikamsikia akikohoa, halafu ile sauti yake ya kazi ikapasuka:

"Wazee wangu! Steringi ndiyo kafika, kaja na mbio zote za angani, maji yamemtangulia! Mama ndiye yule, kalala kama gunia la mtama! Analia, jamani, mwanamume analia!"

Hakuacha upenyo. Chini ya maneno yake mazeze yalisikika kama kitu kinachoburutwa nyumba ya jirani. Nilihesabu pamoja nayo, mi, re, na pale ambapo do haikuja, Gerson akasema, "Haya, tuendelee!"

Jioni Sila alirudi kuchukua nakala mpya, na kesho yake baada ya ibada akamkuta Gerson njiani.

"Mzee, pale kwenye gunia la mtama nimecheka mpaka nimetoa machozi! Sasa hiyo ndiyo filamu."

"Ahsante," alisema Gerson. "Karibu tena."

Tangu Jumatatu ile hakuigeuza skrini. Alifika, akafagia, akawasha redio, akakaa. Hedifoni zilining'inia kwenye msumari, na upepo wa Agosti ukazijaza vumbi jekundu. Wiki mbili zikapita hivyo. Maswali yangu mengi huishia kichwani, na hili nalo nililitembeza huko siku kadhaa. Hatimaye asubuhi moja nilisimama kwenye plaiwudi, nikamwamkia, akaitikia marahaba.

"Baba Erica, ile nakala ya asili, isiyo na sauti yako, bado unayo; mbona siku hizi huisikilizi?"

Alizitazama hedifoni, hakuzigusa.

"Ninayo," alisema. "Ila nikiiweka, hata humo najisikia mimi naongea."