Uso Uliokwanguliwa kwa Wembe

Jirani na kinyozi, kwenye chumba chenye meza mbili na pazia zito, mwanamke mmoja alikuwa akifufua picha za zamani. Watu walimwita Fundi Sura. Aliletewa picha zilizoliwa na ukungu, zilizokunjwa mara nne, nyingine zimegandia kwenye kioo cha fremu. Alizipangusa kwa brashi laini, akaziskani, kisha akakaa kwenye kompyuta siku mbili tatu akiziba nyufa na kuzitia rangi. Subira alijaliwa. Woga, hasha.

Siku moja baba yake mkubwa aliingia, fimbo mbele, akaweka bahasha mezani. Ukoo ungekutana mwisho wa mwezi, naye alitaka picha moja ya zamani, ndugu wanane mbele ya nyumba ya wazazi, ikuzwe, itiwe rangi na kutundikwa sebuleni kwake. Fundi Sura akaitoa. Mtu wa saba hakuwa na uso. Ulikuwa umekwanguliwa hadi weupe wa karatasi.

"Huu si ukungu, baba. Huu ni wembe."

"Ndiyo maana nimekuletea. Ziba hapo, weka ukuta."

"Huyu si shangazi?"

"Nimesema weka ukuta."

Shangazi huyo Fundi Sura alimjua kwa minong'ono tu. Miaka mingi nyuma alisimama mahakamani akaeleza jinsi kaka yake alivyomvunja mkewe mkono. Ndugu wengine wote waliapa kwamba wifi yao aliteleza bafuni. Tangu siku hiyo jina la shangazi halikutajwa tena, utadhani hakuzaliwa.

Baba mkubwa alipoondoka, Fundi Sura aliikodolea macho ile picha mpaka chai ikapoa. Kuweka ukuta ni kazi ya nusu saa. Akafunga ofisi, akawauliza binamu zake anakoishi shangazi mpaka akaelekezwa.

Alimkuta shangazi uani, anaanika mashuka.

"Nani kafa?" bibi yule akauliza, hata salamu bado.

"Shikamoo shangazi. Hajafa mtu. Nimefuata uso wako."

Shangazi alicheka hadi akakalia ndoo. Kisha akaingia ndani, akatoka na kitambulisho chake cha ujanani, picha yake ndogo kama ukucha.

"Na gauni lilikuwa rangi gani?"

"Njano! Mama alinikataza nisilivae, nikalivaa. Usije ukalipooza."

"Utakuja siku hiyo?"

"Sijaalikwa, na siendi kuombaomba kiti. Ipeleke picha ikawatazame."

Siku ilipofika, sebule ilijaa pomoni. Fundi Sura akavuta kitambaa. Ndugu wanane, nyuso nane, na gauni la njano lililong'aa kuliko ukuta wote.

"Nilikuagiza nini?" Baba mkubwa akagonga fimbo sakafuni.

"Kazi yangu ni kurudisha, baba. Kwa kufuta hukuhitaji fundi, wembe ulikutosha."

"Iteremshe!"

"Mimi siiteremshi. Anayetaka aiteremshe mwenyewe, watu wote wakimwona."

Mzee akainuka, akaushika mkongojo kama anayekwenda kupiga. Hapo binti yake wa kwanza, mtoto wa yule mke aliyevunjwa mkono, mama mtu mzima ambaye kwenye vikao vya ukoo hakuwahi kufungua kinywa, akatoka jikoni akasimama mbele ya picha.

"Baba, mama alikula kwa mkono wa kushoto mpaka anazikwa. Shangazi peke yake ndiye aliyesema kwa nini. Utanipiga na mimi?"

Hakuna aliyemtetea mzee, hakuna aliyemzomea. Aliwatazama mmoja mmoja, akaingia chumbani, akajifungia.

Kesho yake picha ilikuwa imetupwa nje, kioo kimepasuka. Binti yule aliiokota, akaenda kuitundika kwake. Mzee naye akatangaza kila alikopita kwamba Fundi Sura ni mvunja ukoo, na wapo ndugu waliomsadiki, wakaacha kukanyaga ofisini kwake. Wengine wakaja kimyakimya kuomba nakala. Hadi wiki inakwisha alikuwa amechapa kumi na moja.

Mpaka leo, wakikutana msibani au harusini, Fundi Sura humwamkia mzee shikamoo kwa sauti ya kusikika. Mzee haitikii. Radhi hajamwomba, na akiulizwa lini ataomba, husema yeye kosa lake bado hajalionyeshwa.