Pua ya Dobi

Madobi hutofautiana kuhusu mifuko ya wateja. Wapo wanaoipekua na kupata wanachopata. Huyu wa mtaani kwetu, mtu mzima aliyepinda mgongo kwa kuinamia pasi, alikuwa na utaratibu mmoja tu: kila alichokikuta mfukoni, iwe funguo, tiketi ya zamani au barua ya mapenzi, alikifunga kwenye karatasi na kukibana kwa pini kwenye kola ya nguo ileile. Utaratibu huo ulimpa sifa ya uaminifu mtaa mzima. Ndio pia uliompeleka mahakamani.

Koti lilikuwa la mteja mmoja mpole, mwenye salamu ndefu. Mfukoni mlikuwa na majani makavu. Dobi akayafunga, akayabana, akaendelea na mashuka ya nyumba ya wageni. Askari waliokuwa wakimtafuta mwenye koti kwa mambo yake mengine walipoingia dukani hawakumkuta. Walikuta koti, na kwenye kola kifurushi cha bangi kilichofungwa nadhifu kama zawadi ya harusi. Walisema harufu ilianzia mlangoni. Mwenye koti hajaonekana hadi leo.

Dobi alilala rumande, akapata dhamana, akarudi nyumbani na shati lililokunjamana, kitu ambacho mkewe hakuwahi kukiona tangu waoane.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye hajasomea sheria wala hajawahi kushtakiwa, alikuwa na ushauri tayari. Akiri tu, kosa lenyewe dogo, ataonywa arudi kwenye pasi yake. Akamletea na mtu wa kumsaidia kukiri, bwana mwenye suti na mkoba anayeshinda kwenye korido ya mahakama akijiita wakili. Mke wa dobi alimwuliza ofisi yake iko wapi. Bwana akalipiga kofi benchi alilokalia. Mama akamshukuru kwa adabu, akamshika mumewe mkono, wakaondoka.

Wakazunguka. Wakili wa kwanza alikuwa safarini, wa pili alishughulika na kesi za viwanja tu. Miguu ikiwa imechoka, walipanda ngazi za ofisi ya msaada wa kisheria, juu ya duka la misumari na rangi. Huko walimkuta wakili mwanamke mwenye mafua, leseni yake ukutani juu ya birika.

Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaeleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kueleza hivyo mara nyingi. Kukiri si kuomba radhi, alisema. Ukikiri umetiwa hatiani, na hilo litakufuata kila uendako.

"Mashtaka yao yanataka mambo mawili, mzee wangu. Kwamba kitu kilikuwa mikononi mwako, na kwamba ulijua ni kitu gani. La kwanza limekwisha, umelibana na pini mwenyewe. Tunapigania la pili. Ulijua ni bangi?"

"Nilidhani dawa ya tumbo."

"Duka zima linanuka, na wewe ni dobi?"

Dobi akatazama sakafu. Mkewe akatazama birika.

"Hanusi," mke akasema mwishowe. "Zile dawa za madoa zilimmaliza pua zamani. Anayenusa ni mimi."

Ikatoka siri yote. Kila nguo ilipita kwanza nyuma ya pazia, kwenye pua ya mama. Kisha dobi huiinua mbele ya mteja, huivuta puani, hutikisa kichwa kwa kuridhika, huikabidhi. Kichwa kile kilichotikiswa ndicho kilichowaleta wateja. Na siku ya koti, mama alikuwa kwa dada yake aliyejifungua.

Wakili akapenga kamasi, akasema hajapata utetezi mzuri kama huo mwaka mzima. Utahitaji cheti cha daktari na ushahidi wa mama, mbele ya watu.

"Basi afadhali nikiri," dobi akasema. "Nani atampa nguo dobi asiyenusa?"

"Na ukifungwa," mkewe akasema, "mimi nimnusie nani?"

Alikana shtaka. Kesi ikaahirishwa kwa sababu hakimu yuko likizo, ikaahirishwa kwa sababu jalada halionekani, ikaahirishwa bila sababu. Ilipofika kusikilizwa, nusu ya mtaa ilikuwa kwenye mabenchi, kwa upendo na kwa umbea. Daktari alisema yake. Mama akasema yake, kwa sauti ya chini, na hakimu akamwomba arudie kwa sauti ya juu. Kisha hakimu akaona kwamba upande wa mashtaka haukuthibitisha kuwa mshtakiwa alijua alichokibana, akamwachia.

Dobi akafungua duka kesho yake. Wateja wengine walikwisha kuhama. Mwalimu mmoja alikuja kuchukua shati lake. Dobi, kwa mazoea, akaliinua puani na kutikisa kichwa. Mwalimu hakunyoosha mkono.

"Mpe mama kwanza," alisema.

Dobi akalishusha shati. Mkewe akatoka nyuma ya pazia, akiburuta kiti chake, akakiweka pale mbele, penye mwanga.