Sahani za Parokia

Marcelline Cibalonza alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari huko Cimpunda, mtaa wa mji wa Bukavu, na vita ya pili ilimkuta hapohapo. Maabara ilikuwa imeporwa tangu vita ya kwanza. Zilibaki ubao na meza moja nzito ambayo waporaji hawakuiweza. Mume wake, Grégoire, karani katika shirika la misaada, alimwomba mara kwa mara aiache kazi ile. Marcelline alimjibu kwamba ataona, na asubuhi akapanda tena kilima kwenda shuleni.

Mwaka 2000 darasa la mwisho lilifikia somo la galaksi. Marcelline aliandika ubaoni umbali wa Andromeda, galaksi kubwa iliyo jirani na yetu: mwanga wake husafiri miaka milioni mbili na nusu kutufikia. Msichana aitwaye Olive akainua mkono.

"Madame, ile namba haiko inaniambia kitu."

"Hata mimi," Marcelline akasema. "Mungoje."

Nyumbani alijaribu kwanza kwa maharagwe. Jua likiwa punje moja pale mezani, nyota iliyo karibu kuliko zote ingekuwa punje nyingine huko Shabunda, zaidi ya kilomita mia. Hiyo haikumsaidia mtu. Kisha akafikiria kuifanya galaksi nzima, pamoja na nyota zake zote, kuwa sahani ya kulia. Alipiga hesabu, akairudia. Andromeda ilitua upande wa pili wa darasa.

Akaazima sahani za bati za kina maman wa parokia, zile zinazotolewa siku za ubatizo. Kiongozi wao, Maman Bulonza, alimpa bila maswali mengi.

Darasani aliweka sahani moja mlangoni na nyingine chini ya dirisha.

"Ziko karibu hivi?" Olive aliuliza.

"Ukilinganisha na ukubwa wao, ndiyo. Nyota ndizo ziko mbali sana."

"Na galaksi zingine?"

Kundi kubwa la galaksi lililofuata halikuenea darasani wala uani. Wakatoka getini, wakateremka barabara wakihesabu hatua, na wanafunzi wakapanga sahani zilizobaki ukingoni. Askari wa waasi walioushika mji, waliokuwa kwenye kizuizi cha jirani, waliwatazama kwa muda, kisha wakaja. Wanafunzi walifukuzwa. Mwalimu alichukuliwa pamoja na sahani.

"Unapima barabara kwa ajili ya nani?" komanda alimuuliza.

"Sipime kwa mutu. Iko somo."

Akamruhusu aonyeshe. Marcelline aliweka sahani mbili sakafuni. "Hii ni galaksi yetu. Ile ni jirani."

"Na Bukavu iko wapi?"

"Haionekane. Hata jua yetu haionekane humo."

Komanda aliinama juu ya sahani, akainuka. "Unanicheka," akasema.

Baadaye Marcelline alimwambia Grégoire kwamba hapo ndipo hofu ilipomwingia, kwa sababu hakuwa na jibu lingine la kumpa yule mtu.

Alilala kizuizini. Kesho yake mkuu wa shule, Papa Firmin, alikuja na padri, wakazungumza na komanda nje, na mchana Marcelline akaachiwa. Sahani zilibaki. Alikwenda moja kwa moja kwa Maman Bulonza.

"Basoda wanakulia ndani yazo?" Maman Bulonza aliuliza juu ya wale askari.

"Nimewaona wakikula."

Jumapili, baada ya misa, kina maman walikwenda kizuizini wakiwa wamevaa vitenge vyao vya parokia. Waliketi chini kando ya barabara na kusema wanangoja sahani za kanisa. Komanda hakutoka. Jua lilipokuwa kali, askari mmoja alizileta, zimeoshwa. Mbili hazikuwapo, na hakuna aliyeziulizia.

"Sasa utuonyeshe," Maman Bulonza akamwambia Marcelline walipofika kwenye ua wa parokia. "Tumekaa kwenye vumbi kwa sababu ya hii somo yako."

Akazipanga, akawaeleza umbali na miaka ambayo mwanga husafiri. Maman Bulonza alizunguka sahani moja, akaenda kwenye nyingine.

"Ile mwanga yake inaonyesha vile iko leo?"

"Hapana. Inaonyesha vile ilikuwa zamani. Vile iko leo, hatujue."

Maman Bulonza alikuwa na mtoto machimboni Mwenga, na habari yake ya mwisho, iliyoletwa na mchuuzi, ilikuwa imepitisha mwaka.

"Ni sawa na habari za Mwenga," akasema, akaanza kuokota sahani.

Marcelline aliendelea kufundisha. Somo la galaksi alilirudia kila mwaka, lakini ndani ya geti tu, na yale makundi ya mbali aliyataja kwa mdomo. Olive alifaulu mtihani wa taifa, akaenda kusomea uuguzi. Grégoire hakumwomba tena aache kazi. Kilichobadilika ni kwamba hadi vita ilipokwisha, Marcelline aliandika ubaoni akisimama upande, apate kuuona mlango; mistari ikaenda mshazari, na wanafunzi wakazoea kuinamisha vichwa upande ili wasome.