Mpangaji wa Chumba cha Ndoa

Mwaka niliopata mchumba, watu wa Kasongo walianza kuuziana nyasi. Kabla ya hapo, aliyetaka kuezeka alichukua mundu, akatoka nje ya mji, akakata mpaka mkono ukachoka. Sasa misafara ilikuwa ikiingia kutoka Ujiji na kutoka Nyangwe. Wengine walisubiri pembe za ndovu, wengine walisubiri wenzao, na wote walitaka pa kulala. Mashamba yakageuka viwanja. Baraza zilizokuwa zikilaza mbuzi zikaanza kulaza watu, na mbuzi hawakuulizwa.

Mama yangu, aliyekuwa mjane, aliliona jambo hili mapema kuliko wanaume wote wa mtaa wetu. Baba alikuwa amemwachia nyumba moja na ua mpana. Akajenga chumba cha fito na udongo kando ya ua, akampangisha mchuuzi wa chumvi. Kodi ililipwa kwa nguo kila mwezi ulipoandama. Nguo zile mama hakuzivaa. Alizibadilisha kwa miti, akajenga chumba cha pili, na kodi ya cha pili ikajenga cha tatu. Yeye mwenyewe alitembea na kaniki iliyopauka, hata wapangaji wakamhurumia, wasijue kwamba wao ndio waliokuwa wakilala ndani ya nguo zake.

Mimi nilihama kila alipopata mpangaji. Nilitoka chumba cha ndani nikaenda ghala la mpunga. Ghala nalo likapata mtu, nikaenda barazani. Sikulalamika. Nilikuwa na haya mno. Mwalimu wa chuo cha Kurani alifaulu kunifundisha kusoma na kuandika, ingawa polepole, lakini kusema mbele za watu kulimshinda.

Chumba kimoja tu kilikuwa changu kwa ahadi, kile cha pembeni chenye mlango wa mbao. Posa yangu ilipokubaliwa kule Kabambare, shangazi wa binti alitoa sharti moja. Alisema mtoto wao haolewi barazani, sharti awe na mlango wake. Mama akaapa mbele ya wazee kwamba chumba kipo. Na kweli kilikuwapo. Alichosahau kusema ni kwamba ndani yake kulikuwa na fundi.

Fundi huyo alikuwa mshonaji wa kanzu kutoka pwani, mtu wa makamo, mpole, aliyekuwa akisubiri msafara wa kurudi Ujiji. Alilipa vizuri, tena mapema. Siku za harusi zikakaribia, msafara hauonekani, naye fundi anashona tu. Nikamwendea mama.

"Mama, kile chumba..."

"Naijua chumba yangu. Niliijenga mimi."

"Yule fundi..."

"Analipa nguo mupya, haina hata tundu. Unataka nimufukuze? Kesho watu watasema kwetu wanafukuza watu. Nani atakuja kupanga?"

"Na harusi?"

Mama akakuna kichwa. "Mutu hafukuzwi, mwanangu. Anapewa masurufu. Umupelekee."

Hiyo ilikuwa desturi ya kwetu, na kwa mtu mwenye haya ni desturi tamu. Ukitaka mgeni aondoke, humwambii neno. Unamfungia chakula cha njiani kwenye majani ya mgomba, mahindi ya kukaanga, samaki mkavu, mihogo ya kubanika, unakiweka mkononi mwake. Yeye anashukuru, na alfajiri anaondoka, na hakuna atakayesema kwamba kuna aliyefukuzwa.

Nikampelekea fundi mzigo wake. Aliutazama, akanitazama mimi, machozi yakamlengalenga.

"Nimekuelewa, mwanangu," akasema. "Usiseme neno."

Sikusema. Nilirudi barazani karibu nikiruka kwa furaha.

Asubuhi nikamkuta amekaa mlangoni mwa chumba changu, anashona, anatafuna mahindi yangu.

"Labda ulifunga kidogo," mama akasema. "Ujiji iko mbali."

Nikafunga mzigo mkubwa zaidi. Safari hii fundi alinikumbatia, akatoa kamba, akanipima mabega na mikono. Nikafikiri ananishonea zawadi ya kuniaga. Nikampelekea na kuku aliyekaushwa juu ya moto. Akanishonea mfuko wa begani wenye kifungo. Nikajiambia kwamba watu wa pwani huenda huaga polepole. Mchuuzi wa chumvi, aliyekuwa akiyaona yote haya kutoka mlangoni kwake, aliniita. "Wewe kijana, sisi wengine tuna kosa gani? Kuku wetu anakuja lini?"

Kisha siku moja shangazi wa binti akaingia uani. Alikuwa ametembea kutoka Kabambare, vumbi mpaka magotini, na kichwani amebeba nguo ya posa, ileile tuliyoipeleka kwao. Akaitupa barazani, juu ya mkeka wangu.

"Chukueni nguo yenu! Mtoto wetu si wa kuolewa leo na kuachwa kesho. Wapagazi waliopita kwetu wamesema bwana harusi anakwenda pwani na fundi!"

"Pwani?" mama akasema. "Huyu? Hata sokoni anaona haya kufika!"

Fundi akatoka chumbani, sindano mdomoni, uso unang'aa.

"Dada zangu, msigombane. Kijana mwenyewe ndiye aliyeniomba. Mara tatu ameniletea masurufu kwa mkono wake. Kwetu sisi watu wa misafara, anayekuletea chakula cha njiani anataka mle sufuria moja mpaka mwisho wa safari. Nami sina mtoto. Ningemkataaje?"

Akainua kanzu fupi, ya kutembelea porini. Ilikuwa kipimo changu kabisa.

Shangazi akanigeukia. "Haya, bwana. Unakwenda au huendi?"

Mama alinitazama. Fundi alinitazama. Nguo ya posa ilikuwa pale mkekani, na nilijua kwamba nikinyamaza, shangazi atageuka arudi Kabambare na binti sitamwona tena. Masikio yaliniwaka moto. Nikafumbua kinywa, sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyokusudia.

"Siendi popote! Fundi, nakitaka chumba changu nipate kuoa!"

Fundi akatoa sindano mdomoni taratibu.

"Ala! Kumbe masurufu yote yale yalikuwa ya kunifukuza?"

"Ndiyo. Nisamehe, Fundi."

"Na kuku?"

"Na kuku."

Fundi akacheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, ungeniambia siku ya kwanza, ningehama siku hiyohiyo. Ila nisingekula vizuri hivi." Akaitazama ile kanzu kidogo, akaipapasa pindo, kisha akasema ataiongezea kitambaa chini iwe ya harusi.

Shangazi hakucheka. "Nionyesheni huo mlango," akasema. Akaufungua, akaufunga, akausukuma kwa bega, akaugonga kwa ngumi kama anayenunua mtungi. Aliporidhika, aliiokota nguo ya posa, akaikung'uta vumbi, akajitupia begani.

"Unafunga," akasema. "Mtoto ataletwa mwezi ukiandama."

Nilidhani yamekwisha. Mama alikuwa bado anafikiri.

"Fundi atahamia barazani, kwa nusu ya kodi," akasema. "Sasa wewe, bwana mwenye chumba, hiyo nusu ingine atanilipa nani?"

"Nitakandika kuta za vyumba vyote kila masika yakiisha," nikasema.

"Na maji ya wapangaji?"

"Maji wachote wenyewe."

"Wachote wenyewe! Kodi yenyewe nimepandisha juzi!"

"Basi nitachota mpaka Ramadhani. Baada ya hapo, hapana."

Shangazi akavuta mkeka wangu, akakaa kitako kusikiliza. Mama akanikazia macho kama anavyomkazia mpangaji mpya, akasogeza kigoda karibu, na tukaanza kupatana upya, tangu kwenye kuta.