Jino Nililomwekea Mama

Juzi nilimpeleka binti yangu kung'olewa jino. Daktari alipovaa glovu, ile harufu ya mpira na spiriti ikanirudisha Kigoma, kwenye benchi la hospitali nilikokaa nikiwa na miaka saba, nimeubana mdomo utadhani nimeficha peremende. Wenzangu, nilichokuwa nacho mle mdomoni kilikuwa ahadi.

Baba alikuwa amefariki. Mama akaniacha mtaa wa Mwanga, palepale Kigoma, kwa shangazi, dada yake baba, fundi cherehani, akavuka ziwa kwenda Kalemie, upande wa Kongo, kuuza vitenge. Asubuhi ya kuondoka alilitikisa jino langu la chini kwa kidole, akacheka. "Hili asiliguse mtu," akasema. "Nikirudi nitaling'oa mwenyewe."

Basi nikalilinda. Jamani, nilililinda jino lile! Ugali na dagaa nilitafunia upande mmoja, na muwa sikuugusa kabisa. Badala ya kudondoka likajikaza, jipya likaota nyuma yake, na watoto wa mtaani wakanibatiza Safu Mbili. Sikuwa na hamu ya kucheza nao. Jioni nilikaa mlangoni peke yangu nikisikiliza honi za bandarini, na kila honi niliona ni ya mama. Upweke ule sijawahi kuuona tena, hata ukubwani.

Shangazi hakuwa mtu wa maneno. Aliniita "mtoto wa kaka", akanilisha vizuri, akarudi kwenye cherehani yake. Siku moja akaifunika mchana kweupe, akanishika mkono tukaenda hospitali.

Daktari alikuwa mpole. Alinieleza kwamba jino hung'olewa likioza mpaka kwenye mzizi, au likivunjika vibaya, au fizi zikiugua hata zishindwe kulishika. Nikamwambia langu halina hata moja la hayo. Akakubali. Langu lilikuwa zima, ila limekalia nafasi ya jingine, na lisipotoka lile jipya litaota kombo.

"Mama akija atang'oa nini?" nikamuuliza.

Daktari akamtazama shangazi, naye shangazi akatazama dirishani. Nikaanza kulia hata kabla ya sindano ya ganzi.

Tulipofika nyumbani, shangazi aliniambia nilirushe jino juu ya bati niombe jipya, kama wafanyavyo watoto wote. Nikakataa, nikalifumbata. La mama hili. Akachuchumaa mbele yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Rusha, mwana wanje," akasema.

Mwanangu, kwa Kiha. Mama peke yake ndiye aliyekuwa akiniita hivyo. Nikarusha.

Nilidhani ananibembeleza kwa sababu ya kidonda. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoambiwa kwamba mama alikuwa ameolewa huko ng'ambo, na kwamba siku ile shangazi alikuwa ameshapata habari. Kuniambia kwamba harudi kulimshinda, maskini. Alichoweza ni kunifanya wake.