Tonge la Mkono wa Kulia

Baba yangu hakuwa na kawaida ya kuingia jikoni, isipokuwa kutafuta kiberiti. Kwao, huko magharibi, mwanaume akionekana ameshika mwiko watu huuliza kama bibi yake amefariki. Kwa hivyo ninachoandika hapa ni siri ya watu wanne, na daftari hili nimekatazwa kuliacha mezani.

Kiharusi kilimpata mwezi wa tano, asubuhi, akifunga kamba za viatu. Mkono wa kulia ulikataa kazi, mguu ukawa mzito, mdomo ukaenda upande. Alitoka hospitalini na fimbo na karatasi ya mazoezi. Kwa daktari wa mazoezi tulienda mara nne, kisha Baba akasema kupanda na kushuka magari kunamchosha kuliko mazoezi yenyewe. Angejifanyia nyumbani, hapa Kitengela. Shule zilipofungwa mwezi wa nane, msimamizi nikawa mimi, kwa sababu Mama huondoka kwenda kazini Nairobi kabla ya jua.

Mimi ni mtu wa kunyamaza. Darasani nikiulizwa swali ninalolijua, huangalia dawati. Sasa mtu kama huyo anaambiwa amwamrishe baba yake: inua, shusha, inua tena. Nilikuwa nikisema kwa sauti ndogo hadi Baba akaweka mkono kwa sikio.

"Mama," akasema, maneno yakitoka moja moja. Huniita Mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Mimi nimenyamazishwa na ugonjwa. Wewe umenyamazishwa na nani?"

Tulianza na vibanio vya nguo, akivibana kwa ukingo wa ndoo. Kisha kuchagua maharagwe, mazuri huku, mawe kule. Kwa muda aliochagua maharagwe kumi, ningefua sare yangu yote na soksi. Asubuhi tulitembea hadi kwa geti, yeye na fimbo, mimi nikishika kiwiko na kuomba asipite mtu wa darasa letu. Ndiyo, niliona aibu. Sitadanganya daftari langu mwenyewe.

Getini huwa tunakutana na mama wa Kimaasai anayetuletea maziwa. Humsalimia Baba, "Sopa," na miaka yote Baba alikuwa akimjibu "mzuri sana." Siku moja akajibu "Epa," kama Wamaasai wenyewe, safi, bila kukwama. Mama aliposikia jioni akasema, "Kumbe niliolewa na Mmaasai na sijui. Sasa ng'ombe wa mahari walipelekwa wapi?" Baba akacheka kwa ule upande wa mdomo unaomtii.

Halafu baba mkubwa akapiga simu. Ndiye kaka yake Baba, aliyemlea Baba baada ya babu kufa. Alisema atakuja kumwona mgonjwa baada ya wiki mbili, Jumamosi.

Baba aliweka simu chini akautazama mkono wake. Tangu augue alikuwa akila kwa kijiko, tena kwa mkono wa kushoto. Kwetu ugali hauliwi kwa kijiko, na mkono wa kushoto hauna kazi kwa sahani.

"Akiniona na kijiko," akasema, "atarudi nyumbani awaambie nimekwisha."

Kesho yake alinifuata jikoni, akaketi kwa stuli mbele ya meko. "Nipe mwiko."

"Wa nini?"

"Karatasi inasema nizungushe mkono. Nitazungusha hewa mpaka lini?"

Nilishika sufuria kwa vitambaa viwili. Alishika mwiko kwa mkono wa kulia, ule wa kushoto ukaja juu kuusaidia. Ugali wa kwanza ulikuwa uji upande huu na mabonge upande ule.

"Baba, hii ni ugali ama ni kokoto?"

"Kula. Mwanafunzi hachagui."

Shida kubwa ilikuwa tonge. Kumega aliweza, kufinyanga aliweza kidogo, lakini kile kishimo cha kuchotea mboga kidole gumba kilikikataa. Tonge lilikuwa likimtoroka, linateremka shati mpaka kwa mapaja. Nikacheka siku moja kabla sijajizuia.

"Mama alinifundisha kula mara ya kwanza," akasema, akiliokota. "Sasa Mama ananifundisha mara ya pili. Ile ya kwanza sikumbuki nikichekwa."

Tukasonga kila mchana, tukala kila mchana. Mama akaanza kuangalia pakiti ya unga.

"Imeisha tena? Wewe msichana unakula kama mtu wa mjengo anayebeba mawe."

Nilimwangalia Baba. Baba aliangalia dari. Nikabeba hiyo lawama wiki mbili, na tumbo likanenepa kweli.

Jumamosi ikafika. Kuku alipoiva, Mama alienda stejini kumpokea mgeni, akaniachia ugali. Baba akasema, "Funga mlango wa jikoni." Akasonga wa watu wanne, na mkono wa kushoto haukupanda juu ya mwiko hata mara moja. Nilimpangusa unga uliobaki kwa mkono wa shati lake, akakimbilia kiti chake, ikiwa ile inaweza kuitwa kukimbia.

Tulipoanza kula, tonge la kwanza lilivunjika likaanguka kwa sahani. Baba mkubwa akageukia dirisha, akauliza kama upepo wa huku ni hivi kila siku. Alichukua muda mrefu kuangalia huo upepo. Aliporudisha macho, kidole gumba cha Baba kilikuwa kimeingia kwa tonge la pili. Kishimo kilikuwa kimepinda, lakini kilibeba mchuzi, na mchuzi ukafika mdomoni.

Baba mkubwa akatafuna, akameza.

"Na ugali hii amesonga nani? Imeiva. Huyu msichana sasa ni mtu mzima."

Mama akaniangalia kwa fahari. Baba akaniangalia kwa kuniomba. Kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza, na ningenyamaza tu yangeisha.

"Ni Baba," nikasema. "Kwa mkono wa kulia."

Mama akarudisha tonge lake kwa sahani. "Kumbe ile unga..."

Baba mkubwa alimtazama ndugu yake, kisha akamega ugali mwingine, mkubwa kuliko wa kwanza.

"Nikifika nyumbani nitawaambia umepona, unakula kwa mkono wako," akasema. "Hayo mambo ya mwiko nitayaacha hapa Kitengela."

Baba akajipangusa uso, mchuzi ama kitu kingine, sikuuliza. Kisha akanigeukia.

"Miaka yote nakuambia uongee," akasema. "Umengoja leo."