Dirisha la Kushoto, Juu ya Kinondo

Mama mmoja wa Kinondo, aliyekuwa akiuza mihogo ya kukaanga karibu na kiwanja cha ndege cha Ukunda, ametutoka wiki hii. Jana nilikwenda mazikoni nikitarajia huzuni, nikarudi na kicheko, maana kila aliyeketi nami matangani alikuwa na kisa cha kushindwa naye bei. Mimi, ambaye wachuuzi wa Ukunda wakiniona hufunika bidhaa, ninacho changu. Alinishinda katika biashara ya kitu ambacho hakikuwa chake wala changu: dirisha la ndege.

Ndege zile ndogo za asubuhi za kwenda Nairobi hazina namba za viti. Anayewahi ndiye anayechagua. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanaijua kanuni yangu: ndege ikiruka kwanza kuelekea kusini kabla ya kugeukia bara, bahari iko kushoto, basi kaa kushoto, mbali na nguzo inayoshika bawa. Siku aliyonishinda, nilikuwa wa kwanza kwenye foleni, nikahesabu madirisha mara mbili, nikajipatia lile bora. Mama huyo akaingia wa mwisho. Ilikuwa safari yake ya kwanza angani, anakwenda kumwona kitukuu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha hakuondoka. Akanieleza kwamba wajukuu zake wametandaza leso zote za nyumba uani na wamesimama kando ya leso hizo ili awaone akipita. Asipowaona, atarudi kuwaambia nini? Nikamjibu kwamba kiti hicho nimekidamkia. Akaniambia nipunguze. Nikauliza nipunguze nini.

"Wewe unatazama bahari, na bahari haikupungii mkono," akasema. "Mimi nina watu chini. Hebu sogea, mwanangu."

Nikasogea kiti cha pili.

Tulipokaribia Kinondo, msitu wa kaya, mahali patakatifu pa mizimu ya wazee, ukajitokeza, kijani kizito kando ya mchanga mweupe. Mama akafungua mkoba, akatoa kaniki, kitambaa kile cheusi ambacho watu hujifunga kabla ya kuingia kayani. Nikamwambia, kwa upole wa mjuaji, kwamba sisi hatuingii, tuko juu.

"Juu kwa nani?" akauliza, huku akinitandazia upande wa pili magotini. "Jifunike, ni pana."

Tukaupita msitu tumefunikwa kaniki moja kama maharusi, na mzungu wa kiti cha nyuma akinyoosha shingo. Mara mama akanishika mkono. Uani, pembeni mwa miti, palikuwa na viraka vya rangi vidogo kuliko kucha, na nukta zikirukaruka. Akaziita nukta zile kwa majina, moja baada ya nyingine, akipunga mkono mpaka kioo kikaingia ukungu. Bahari yote ilikuwa pale, na mimi sikuitazama.

Bado mnaniuliza upande upi una mandhari bora. Ni kushoto, sijabadili. Ila siku hizi, kabla sijaketi, nauliza kama kuna mwenye watu chini. Akiwapo, nampa dirisha, nami nadai kiti cha pembeni yake. Sijapata hasara hata mara moja. Na mkoba wangu ukipimwa uzito, ndani yake mna kaniki. Anayenicheka kwamba tuko juu, namuuliza: juu kwa nani?